Mafuta ya Samaki Juu ya Dungu

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, mtoto wako wa miaka mitatu au minne amelala mapajani, na mwanamke wa pembeni ameshakuuliza mara mbili, "Huyu naye haongei?", basi nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si mtaalamu. Ni mkulima, nimesoma mpaka darasa la saba, na sitakueleza kinachotokea ndani ya kichwa cha mtoto anayechelewa kusema kwa sababu sikijui. Nitakueleza tulivyoishi. Mengine yananijia vipande vipande, kama ndoto ya alfajiri, ila harufu zake zote bado ninazo.

Binti yangu Raheli alizaliwa Manyoni, kwenye nyumba za reli, wakati mume wangu Yohana alipokuwa kwenye kikosi cha kutengeneza njia. Alikuwa mtoto mnene, mcheshi, mwenye kutembea mapema. Treni ikipita alipiga makofi mpaka behewa la mwisho lipotee. Wenzake walipoanza kusema "mama, nipe", yeye alinyoosha kidole. Jirani yangu aliniambia, "Tulia wewe. Wa kwangu alichelewa hivyo hivyo, leo namwomba anyamaze." Tukacheka. Alipofikisha miaka mitatu hatukucheka tena.

Si kwamba alikuwa kimya. Alikuwa na sauti zake. "Mm" iliyopanda ilikuwa maji. "Mm" iliyoshuka ilikuwa sitaki. "Ba" ilikuwa baba, mbuzi na treni, ukitaka kujua ni ipi utazame macho yake yanaelekea wapi. "Eya" nilikuwa mimi. Mdomo wake haukufunga vizuri, udenda ulimtiririka mpaka gauni linalowa kifuani, na nilikuwa nikimbadilisha nguo mara tatu kwa siku. Nilizijua sauti zote kama ninavyojua vyungu vyangu jikoni. Baba yake alijua nusu. Watu wengine wote waliniuliza mimi, "Anasemaje?" Nami nikawa namjibia, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikawa najibu hata kabla hajatoa sauti.

Miaka ile watu wengi walipunguzwa kazini, na Yohana akawa mmoja wao. Madukani vitu vilianza kujaa, sabuni za rangi zote, vitenge, redio, vitu ambavyo zamani tulipanga foleni kuvipata kimoja kimoja. Watu waliziita enzi za ruksa. Sisi tulivitazama tukiwa juu ya lori, na kitanda chetu na sufuria zetu, tukirudi kijijini kwa mama yake.

Mama mkwe wangu, Bibi yake Raheli, ni Mgogo wa ng'ombe. Nyumba yake ni tembe ndefu yenye paa la udongo, na kwenye ukuta wa ndani vimening'inia vibuyu vya maziwa, kila kimoja na jina la ng'ombe wake. Katika ukoo ule samaki haliwi. Haliwi, haingii ndani, na jina lake halitajwi mbele ya maziwa. Mtu aliyekula samaki akishika kibuyu, ng'ombe anakauka. Mimi ni Mnyiramba, nimekulia karibu na Ziwa Kitangiri, baba yangu alikuwa akianika kambale juu ya paa la nyumba yetu. Nilipoolewa, Bibi alinipa maziwa nisukutue kinywa na kutema, siku tatu mfululizo, ndipo akanikabidhi kibuyu. Sikuona uzito wowote. Nilikuwa nampenda Yohana, na samaki nilisema moyoni kwamba nitamsahau. Sikumsahau. Kule Manyoni akinamama waliposhuka kwenye treni ya Kigoma na matenga ya migebuka mikavu, nilikuwa napita karibu nao polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Mvua za mwaka ule wa kurudi zilikuwa nzuri, na zilileta malaria. Nililala siku tatu. Ninakumbuka dari ikishuka na kupanda, na mahali fulani mbali mtoto analia, "Eya! Eya!" Nilijua ananiita. Nilisikia Bibi akisema, "Mpeni uji." Baadaye, "Mpeni maziwa." Baadaye tena wifi yangu akisema, "Labda anataka kutazama ndama," wakambeba wakampeleka kwa ndama, na kilio kikaenda naye huko. Mlango uliokuwa kati yetu ulikuwa wa mabua. Hakuna aliyejua kwamba ananitaka mimi tu. Nilijaribu kusema na ulimi haukuinuka.

Nilipopona nilikuwa na woga ambao sijawahi kumwambia mtu mpaka leo ninapouandika. Niliogopa kufa. Si kwa ajili yangu. Nilijiuliza nani atajua kwamba mm ya kupanda ni maji. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani, kwamba mtu mwingine asiye mimi amwelewe mwanangu.

Bibi naye alikuwa amepata hofu yake siku zile tatu, na alikuwa na dawa yake. "Huyu mtoto ni kimeo," akaniambia. "Hicho kinyama cha kooni kimeteremka, kinamzuia sauti. Mavuno yakiisha yule mzee wa kukata vimeo atapita. Atamkata, yataisha." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akimfuta Raheli udenda kwa ncha ya kaniki yake wakati akisema. Lakini nilikuwa nimeona mtoto mmoja kule kwetu aliyekatwa kimeo, na damu yake haikusimama upesi. Nilisema, "Sawa, mama," kwa sababu mkwe haambiwi hapana, kisha nikamwambia Yohana nataka kwenda hospitali kabla ya mavuno. Yohana alikuna kichwa. Mume wangu ana tabia ya kukuna kichwa mpaka jambo liamuliwe na mwingine. Nikaamua.

Hospitali ilikuwa ya misheni, na safari yake ilitulaza njiani. Kwenye benchi tulikaa kuanzia jua linatoka mpaka lilipopita utosini. Ukuta ulikuwa na picha za minyoo. Raheli alizitazama akasema "ba," mwanamke mwenye mtoto wa kikohozi akauliza anasemaje, nikasema anasema mbuzi. Akanikatia nusu ya kiazi chake cha kuchemsha bila kuuliza zaidi. Wema mdogo kama ule niliupata mwingi kwenye mabenchi, na ninauandika hapa ili usifikiri kukaa pale ni mateso matupu.

Mganga alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alipiga beseni nyuma ya mgongo wa Raheli, naye akageuka. Alimtazama kinywani. "Masikio mazima," akasema. "Kimeo kizima. Msikikate." Nikataka kumkumbatia. Kisha akasema kwamba watoto wengine huchelewa tu, wengine huchelewa sana, na yeye hawezi kuniahidi lolote. Nimsemeshe nikimtazama usoni, nikimuuliza jambo ningoje, nihesabu mpaka kumi, nisimjibie. "Na mpe haya mafuta asubuhi na jioni. Kuna wanaoona yanasaidia. Mimi siapi." Akaniandikia kwenye kikaratasi, na benchi zima nje likawa linamngoja.

Duka la dawa la mtu binafsi lilikuwa jipya mjini, rafu zake zinang'aa. Nilipewa chupa ya kahawia, na kwenye karatasi yake kulikuwa na picha ya samaki.

Sasa nitakueleza ujinga wangu, na unaruhusiwa kucheka. Nilipoiona ile picha nilijua. Lakini nilipokuwa kwenye lori nikaanza kujisemesha. Mganga amesema mpe mafuta. Hakusema anywe. Kwetu sote, Wagogo kwa Wanyiramba, mtoto mgonjwa hupakwa mafuta. Samli hupakwa, mafuta ya nyonyo hupakwa. Kikipakwa shingoni hakijaingia kinywani, na kisichoingia kinywani hakivunji mwiko. Nilifika nyumbani nimeshajishawishi kabisa. Nikabandua karatasi yenye picha, ila gundi ilikuwa kali na nusu ya samaki, upande wa mkia, ikabaki palepale.

Nikampaka Raheli shingo, koo na nyuma ya masikio, asubuhi na jioni, mwezi mzima. Bibi alinusa akarudi nyuma hatua moja. Huyu mama hajawahi kusogelea samaki maishani mwake, harufu ile hakuijua. "Dawa kali hiyo," akasema kwa heshima. "Dawa ya kweli hunuka." Mbwa wa boma walimfuata Raheli popote, wakimlamba shingo, naye akicheka mpaka anakaa chini. Paka ambaye hatukuwa naye akahamia kwetu. Mtoto aling'aa ngozi, na hakusema neno hata moja.

Tuliporudi hospitali chupa ilikuwa tupu. Safari hii tulipokewa na muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani.

"Kijiko anakinywa vizuri? Hatapiki?" akaniuliza.

Nikaitazama chupa tupu mkononi.

"Mama Raheli, si umempa?"

"Nimempaka."

"Umempaka wapi?"

Nikaonyesha shingo. Alinitazama juu ya miwani, akajaribu kujizuia, akashindwa. Benchi likasikia, likacheka naye, na mimi nikacheka nao huku machozi yananitoka, maana nilikuwa nimepoteza mwezi mzima na mzee wa vimeo alikuwa akikaribia. Muuguzi alipoona machozi akafunga mlango. Nikamwambia habari za mwiko. Hakunicheka tena. Alisema, "Mimi siwezi kukwambia uvunje mwiko wa watu. Lakini hii ni ya kunywa," akanionyesha kipimo kwenye kijiko cha chai. Nikapita dukani nikanunua chupa nyingine; karatasi yake nayo ilibanduka nusu, mkia ukabaki.

Uwele ulikuwa umeanza kukomaa tuliporudi, na ndege walikuwa wameshafika. Asiyejua kwetu afahamu kwamba uwele usipolindwa huvuni kitu. Katikati ya shamba mnajenga dungu, jukwaa la miti lenye kivuli cha majani, mnakaa juu yake tangu alfajiri mpaka jua linapozama, mnapiga makopo yaliyofungwa kwenye kamba na mnapiga kelele. Ndiyo kuamia ndege. Kazi hiyo watu huikwepa. Mimi niliiomba. Bibi alifurahi, akasema siku hizi nimekuwa mkamwana kweli. Hakujua kwamba kwenye kikapu, chini ya viazi na kibuyu kidogo cha asali ya Itigi, kulikuwa na chupa ya kahawia.

Juu ya dungu siku haina saa. Kuna jua, kuna upepo unaopita juu ya masuke na kuyalaza upande mmoja, kisha upande mwingine. Kijiko cha asubuhi nilimpa Raheli umande ukiwa bado haujakauka. Siku ya kwanza alitapika juu ya gauni langu. Siku ya pili nilimlambisha asali kwanza, kisha mafuta, kisha asali. Kufika wiki ya pili alikuwa anaachama mwenyewe akiona kijiko. Kisha nilimkalisha mbele yangu, magoti kwa magoti, nikamuuliza, "Unataka nini, Raheli?" Na nikangoja. Kuhesabu mpaka kumi ni jambo dogo kwa mdomo, lakini kwa mama aliyezoea kujibu kabla ya swali ni safari ndefu. Nilikuwa nikifika saba mdomo wangu unacheza.

Harufu ya pumzi yake ilinirudisha Kitangiri. Nilikuwa nafumba macho naona paa la baba, kambale wamepangwa, maji meupe kwa mbali, mama ananiita kwa Kinyiramba. Siku moja, baada ya kumpa, nilikilamba kile kijiko. Nakiri. Nilikilamba na jioni ile nikarudi nyumbani nikashika kibuyu cha maziwa kwa mkono huu huu. Wiki hiyo ng'ombe mwekundu akapunguza maziwa. Nilitaka kumwangukia Bibi miguuni niseme, nikamkumbuka yule mzee na kisu chake, nikaghairi.

Sisi wawili tulipiga kelele kutwa. Mimi nilikuwa nikipiga, "Hayaa! Tokaaa! Tokeni!" Yeye alikuwa akivuta kamba ya makopo. Ndege wanainuka maelfu, shamba linabadilika rangi, wanazunguka, wanatua upande mwingine, unaanza upya. Adhuhuri moja usingizi ulinishika nikiwa nimekaa. Nilikuwa katikati ya kulala na kuamka, kichwa kimeegemea nguzo, joto limenifunika, nikasikia makopo yanalia. Halafu nikasikia, "Okaa! Okaaa!"

Sikufumbua macho. Niliogopa nikitazama kitakimbia. Nikakaa vile vile, nimefumba, nasikiliza mwanangu akiwafukuza ndege wa dunia nzima. "Okaa!" Halafu baada ya kimya, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaujaribu mdomo wake mwenyewe, "Toka." Machozi yalinipita chini ya kope na bado sikufumbua.

Baada ya hapo maneno yalikuja kwa kuchelewa na kwa fujo, moja leo, jingine baada ya siku nne. Dege. Ngine, akitaka asali ya pili. Mahuta. Bibi. Udenda ulipungua, kisha gauni likakaa kavu kutwa nzima, nami nikawa nalishika kifuani mara kwa mara kuhakikisha. Lakini maneno hayo aliniambia mimi, juu ya dungu. Tukishuka, tukiingia uani, alifunga mdomo akarudi kwenye kidole. Wa nyumbani hawakuyasikia, na nilipomwambia Yohana alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Ningemlaumu vipi?

Uwele ukavunwa. Dungu likabomolewa, miti ikawa kuni. Mzee wa vimeo akasikika yuko kijiji cha tatu. Mimi nikaihamishia chupa ndani, nikaificha kwenye pembe ya paa juu ya kitanda, nikapanga nitampa Raheli kijiko chake tukienda kisimani. Asubuhi ya kwanza nilichelewa. Nilikuwa nikifagia zizi.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, anasukasuka kibuyu cha maziwa mapajani. Raheli akatoka ndani, akanitafuta kwa macho, hakuniona, akasimama mbele ya bibi yake. Nilimwona kupitia miiba ya zizi. Nilimwona akivuta pumzi.

"Bibi," akasema. "Mahuta angu."

Kibuyu kikasimama. "Unasema?"

"Mahuta angu. Taka."

"Mafuta yako?" Bibi akauliza. "Unataka mafuta yako? Yako wapi, mjukuu wangu?"

Akamshika mkono akamwingiza ndani. Nilitupa fagio nikakimbia. Nilipofika, Raheli alikuwa amepanda kitandani ananyoosha kidole kwenye pembe ya paa, na Bibi ameishika chupa. Aliigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kusoma hajui. Lakini mkia wa samaki hauhitaji darasa.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

Nikapiga magoti. "Ni yeye, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu uwele ulipokuwa ukikomaa. Na kabla ya hapo nilimpaka."

"Na wewe?"

"Nililamba kijiko. Mara moja."

Aliweka chupa chini, mbali na ukuta wa vibuyu. Alitoka akanawa mikono mpaka viwiko. Yohana alifika, akaambiwa, akakuna kichwa. Siku ile Bibi hakunywa maziwa ya nyumba yake mwenyewe wala hakuongea nami. Siku ya pili vilevile. Nilifunga nguo zangu na za Raheli kwenye khanga nikaziweka mlangoni, nikingoja kuambiwa nirudi Iramba. Ningekwenda bila kubisha, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Siku ya tatu aliniita uani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na Raheli amesimama kati ya magoti yake.

"Yule mwekundu amezeeka," akasema. "Angekauka tu." Akamvuta mtoto karibu. "Mimi nina wajukuu kumi na moja. Wote wananiita bibi, sijawahi kukaa siku tatu nikifikiria neno hilo." Sauti yake ikatetemeka, akakasirika kwa sababu imetetemeka. "Hiyo chupa itakaa nje ya boma, kwenye mti wa miiba. Atapewa huko huko. Atasukutua kabla ya kurudi, na vibuyu hatagusa, wala wewe mpaka nikusukutulishe upya. Na huyo mzee wa vimeo, Yohana akamwambie apite moja kwa moja." Kisha akainama kwa mtoto. "Sema tena."

"Bibi," akasema Raheli.

Nilirudi ndani nikalilia khanga yangu yenye fundo.

Misimu kadhaa imepita. Raheli anasoma. Jina lake mwenyewe bado analiita Laheli, na akichoka maneno yanamkimbia, anarudi kunyoosha kidole. Usiniulize kama ni mafuta. Huenda ni mafuta. Huenda ni kupiga kelele miezi miwili, au kuhesabu mpaka kumi, au ni umri wake tu ulikuwa umefika. Mtoto wa mwenzangu kijiji cha jirani alipewa mafuta hayo hayo kwa muda mrefu kuliko wangu na bado anasema kwa mikono, na mama yake hakukosea popote. Ninachoweza kukwambia ni kwamba umtazame usoni, umngoje, na kimeo chake ukiache kilipo.

Lakini kuna asubuhi moja ninayotaka uwe nayo ukiwa pale kwenye benchi.

Nilikuwa na mimba ya pili, ya miezi minane, miguu imevimba. Chupa ilikuwa imebaki matone, na Yohana alikuwa mnadani. Bibi akasema atakwenda nasi mjini. Tulipofika duka la dawa sikuweza tena kusimama, nikakaa kwenye ngazi ya nje, mgongo kwenye ukuta, jua la baada ya mvua likinipiga usoni kiasi cha kusinzia. Bibi akamshika Raheli mkono wakaingia. Mlango ulikuwa wazi, nasikia kila kitu.

"Shikamoo, bibi. Nikupatie nini?"

"Marahaba. Nataka mafuta."

"Mafuta yapo mengi, bibi yangu. Ya kupaka, ya kuchua, ya nywele. Unataka yapi?"

"Ya kunywa. Ya huyu mtoto."

"Yanaitwaje?"

Nilijua anachopambana nacho. Maisha yake yote neno lile halijapita kinywani mwake. Nyumbani tunasema "ya yule wa majini". Nilimsikia akijikohoza. Nikashika fremu ya mlango ili ninyanyuke nimsaidie, miguu ikakataa.

"Mahuta ya chamaki," akasema Raheli.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa nangoja yule muuzaji, mtu asiyetujua, aseme lile walilosema wote miaka yote, anasemaje huyu, nami nimjibie kutoka kwenye ngazi.

"Aa, ya samaki," muuzaji akasema, na nikasikia akiburuta ngazi yake kuelekea rafu ya juu. "Chupa kubwa au ndogo, mama?"

"Kubwa," akasema mwanangu.

Nikafunga mdomo wangu, nikabaki nimekaa.